Kibali cha Kusoma Tu

Nilikuwa na miaka ishirini na moja pale karani wa dirisha la visa huko Lubumbashi aliponiambia kwamba mimi si mimi. Alikuwa ameweka karatasi mbili mbele yake. Moja ilikuwa diploma yangu ya sekondari, yenye jina la ubatizo nililopewa kanisani. Nyingine ilikuwa pasipoti mpya, ambayo jina hilo halikuwamo. Serikali ilikuwa imeamuru tuache majina ya Kikristo tuchukue ya mababu, na katika biro ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kwetu Likasi walinifuta langu kwa kalamu nyekundu, asubuhi moja, bila hata kuniangalia. Sasa mzungu mmoja mwenye miwani alitazama karatasi hii, akatazama ile, kisha akanitazama usoni.

"Hawa ni watu wawili," alisema kwa Kifaransa. "Mmoja alimaliza shule. Mwingine anaomba visa. Aliyesimama hapa ni nani?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Alisukuma karatasi zangu chini ya kioo na kumwita aliyenifuata kwenye foleni.

Nilirudi Likasi kwa treni mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa nikimjibu yule karani kichwani, majibu mazuri ambayo hayakunijia pale dirishani.

Nchi niliyokuwa nakwenda kusoma sitaitaja. Ni ya Ulaya, inasema Kifaransa, na mambo niliyoyakuta kule yapo katika nchi nyingi. Nilikuwa nimepata burse, ufadhili wa masomo, ya serikali kwenda kusomea kemia ya viwandani, ili nikirudi nifanye kazi katika Kampuni. Kwetu ukisema Kampuni hakuna anayekuuliza kampuni ipi. Ilikuwa kampuni ya madini ya serikali, na karibu kila kitu mjini kilikuwa chake: nyumba tuliyolala, hospitali nilikozaliwa, unga wa bukari, ugali wetu, tuliyokula. Baba yangu aliifanyia kazi tangu ujana wake, kwenye ukumbi wa mabeseni ya umeme, pale kobalti inapogandia kwenye mabamba. Alikuwa akirudi nyumbani na matundu ya asidi kwenye suruali na kikohozi ambacho daktari wa Kampuni alikiita mafua, mwaka hadi mwaka. Mama alitoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, na aliuza samaki soko la Likasi. Mimi nilisoma shule ya misheni kule Mulungwishi, nikapenda kemia kwa sababu ilikuwa inanieleza matundu ya suruali ya baba. Katika orodha ya waliopata burse mwaka ule, msichana nilikuwa peke yangu.

Basi ikabidi tutafute karatasi ya kuthibitisha kwamba mtu mwenye jina la kale na mtu mwenye jina jipya ni mmoja. Baba aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja komine. Mkuu wa biro alikuwa amevaa koti la shingo iliyofungwa, lile la mtindo wa Chama, na beji ya Rais kifuani. Alisoma ombi letu mara mbili.

"Citoyenne," aliniambia, maana Chama kilitaka tuitane raia, "hii jina unaomba niandike, Chama ilishakataza. Unataka minye niandike kintu yenye Chama ilikataza?"

"Hapana, citoyen. Nataka uandike tu kwamba ilikuwa yangu, na sasa haiko yangu."

"Kama haiko yako, unaitafuta ya nini?"

Wakati ule maswali kama hayo yaliweza kumpeleka mtu mahali pabaya, na sote watatu tulilijua hilo. Baba ndiye aliyejibu. Alikuwa amevua kofia na ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, mtu mzima vile, mbele ya kijana aliyeweza kuwa mwanawe.

"Citoyen, huyu mutoto ni yangu. Jina ya kwanza nilimupa minye. Ya pili nilimupa minye. Andika tu asema muntu ni mumoja."

Tulirudi pale mara nne. Mara ya kwanza walitaka mashahidi wawili. Mara ya pili walitaka barua ya baba ya kuniruhusu kusafiri, kwa kuwa nilikuwa msichana asiyeolewa, na mara ya tatu mwenye muhuri alikuwa kwenye mkutano wa Chama. Hasira yangu ilianza pale, juu ya benchi la biro ile, nikitazama kofia ya baba ikizunguka taratibu mikononi mwake. Karatasi ilipotoka ilikuwa na mistari mitatu tu.

Yule karani wa Lubumbashi aliipokea, akaibana pamoja na nyingine, akanipa orodha: barua ya chuo, barua ya burse, cheti cha daktari, cheti cha mwenendo mwema. Nilivileta vyote. Siku aliponirudishia pasipoti yenye visa nilimuuliza swali moja, kwa adabu zote nilizofundishwa na masista.

"Bwana, nikishamaliza masomo, itakuwaje?"

"Ukishamaliza, utakuwa umemaliza," alisema.

Niliondoka na jibu hilo kana kwamba ni jibu.

Kabla ya kusafiri niliitwa biro ya wafanyakazi ya Kampuni kusaini mkataba wa burse. Ulikuwa na kurasa tano zilizopigwa taipu kwa herufi ndogo. Mkuu wa biro ile, mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani, alizifunua haraka haraka akiweka kidole mahali pa kusaini. "Hapa. Na hapa. Na hapa, mademoiselle." Neno mademoiselle, la kumwita msichana kwa heshima, lilikuwa limekatazwa pia, lakini yeye alilisema kwa kunong'ona, kama zawadi. Nilitaka kusoma. Nilishika ukurasa wa pili, nikaanza mstari wa kwanza.

"Saini, mama," baba aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Hawa bantu beko na kazi mingi."

Nikasaini. Nimemkasirikia baba kwa sentensi hiyo miaka mingi, na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, maana yeye hakujua kusoma Kifaransa cha sheria, na mimi nilijua.

Ulaya nilipewa kadi. Ilikuwa ya karatasi ngumu, ina picha yangu nimekunja uso, na chini ya picha waliandika kwamba inatumika kwa masomo tu, na kwamba mwenyewe haruhusiwi kazi ya mshahara. Kila mwaka, majani yakianza kuanguka, ilibidi niende biro ya wageni kuifanya upya. Walitaka kuona nimejiandikisha chuoni, nimefaulu mitihani, burse yangu ingali hai, na sina kifua kikuu. Barua ya burse kutoka kwetu ilichelewa kila mwaka. Kila mwaka nilikaa wiki kadhaa nikiwa na kadi iliyokufa, nikipita mbali na polisi, nikiwa sijaiba hata pini.

Katika nyumba ya wanafunzi sisi wa kwetu tuliishi na mwenzetu mmoja kutoka mkoa wa Kasai, mkubwa kwetu kwa miaka, aliyekuwa akisomea sheria. Ndiye tuliyemwendea kwa kila swali, na alitujibu akiwa amelala kitandani, mikono nyuma ya kichwa.

"Musiogope," alituambia. "Ukipata diploma, taabu ya kadi inaisha. Kisha miaka tano ya kukaa hapa, banakupa karatasi ya kazi. Hiyo njo sheria."

"Uliisoma wapi?" nilimuuliza.

"Nilisikia."

Sisi sote tulisikia. Aliyesikia kwa huyu alimwambia yule, na mwishowe ikawa sheria, na juu ya sheria hiyo ya kusikia watu walioana na kuzaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda dirishani akasema: nionyesheni ilipoandikwa. Tuliliogopa dirisha. Yule wa sheria mwenyewe alianguka mtihani mara mbili mfululizo, kadi yake ikakataliwa, akapewa majuma machache ya kufungasha. Ndipo tukajua kwamba kuanguka mara mbili kulikuwa kumeandikwa. Kulikuwa kumeandikwa siku zote, kwenye kitabu chembamba kilichowekwa juu ya meza palepale biro ya wageni. Ungeweza kukichukua bure.

Mwaka wa mwisho chuo kilinipeleka miezi sita katika maabara ya kiwanda cha kusafisha metali. Siku ya pili waliniita nichukue sampuli kwenye mapipa yaliyokuwa yameshuka kutoka bandarini. Niliinama na koleo langu dogo, nikaona maandishi ya rangi nyeupe ubavuni mwa pipa. Likasi. Niliweka mkono juu ya chuma kile, baridi kama barafu. Ilikuwa kobalti ya kwetu. Huenda baba yangu ndiye aliyeibandua kwenye bamba. Sikulia. Nilipatwa na kitu kingine, kama wivu: pipa lilikuwa limefika huku na linapokewa kwa heshima, linaandikwa, linapimwa, na hakuna anayeliuliza litaondoka lini.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu mnene asiyependa maneno. Kazi yangu ilikuwa kupima nikeli iliyojificha ndani ya kobalti, kwa dawa inayodondoshwa tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Nikeli na kobalti ni kama ndugu wa tumbo moja, kuzitenganisha kunataka subira, na mimi subira nilikuwa nimejifunza kwenye mabenchi. Baada ya miezi mitano alinisimamisha mlangoni.

"Nataka ubaki," alisema. "Nina nafasi. Nitaandika barua."

Nilikwenda biro ya wageni na barua yake mkononi, nikiwa nimevaa gauni langu zuri. Mwanamke wa dirishani aliisoma, akatikisa kichwa. Sikumpenda, lakini nakiri kwamba katika miaka yote ile yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza sheria kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Una kadi ya kusoma," alisema. "Kadi ya kusoma haigeuki kuwa kadi ya kazi. Masomo yakiisha, nayo inaisha. Una mwezi mmoja."

"Lakini mwajiri ananitaka. Ameandika."

"Mwajiri lazima aombe kibali cha kazi yeye mwenyewe. Kwanza athibitishe kwamba hakupata mtu wa nchi hii, wala wa nchi jirani. Na siku anapoomba, wewe uwe nje ya nchi. Usubiri huko kwenu."

"Miaka mitano niliyokaa hapa je?"

"Miaka ya kusoma haihesabiwi." Alifungua faili langu, akatoa karatasi niliyoitambua kwa saini yangu. "Halafu kuna hii. Ulisaini kwamba utarudi kutumikia nchi yako miaka kumi. Serikali yenu ilitutumia nakala. Mtu mwenye ahadi kama hii, kibali cha kazi hatumpi."

Nilimwomba anisomee kipande hicho. Alikisoma. Kilikuwa ukurasa wa pili, mistari minne tu chini ya ule nilioanza kuusoma siku ile baba aliposema hawa watu wana kazi nyingi.

Nilitoka pale nikitetemeka. Watu walidhani nasikia baridi, mzee mmoja akanipisha nikae kwenye tramu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kupiga kila mtu aliyekuwa ndani ya tramu ile, na yule karani wa Lubumbashi, na mwenzetu wa Kasai na "nilisikia" yake. Miaka mitano! Na jibu zima lilikuwa limenichukua dakika kumi dirishani.

Mkuu wa maabara nilipomweleza alikuna shingo. "Kusubiri miezi mingi hivyo, siwezi," alisema. Alinipa mkono. Juma lililofuata alimwandika kazi mwanafunzi mwenzangu wa darasa, mtu wa kwao, ambaye mara mbili nilimrekebishia hesabu zake.

Nikarudi Likasi. Nilijiambia: haya, angalau huku nahitajiwa. Nimefungwa miaka kumi, basi watanifungua mlango.

Yule mpole wa biro ya wafanyakazi alikuwa bado yupo. Alinikaribisha, akaiangalia diploma yangu upande huu na upande ule.

"Félicitations, hongera. Sasa hii ni diploma ya kigeni. Lazima Kinshasa waseme inalingana na ya kwetu. Bila équivalence, siwezi kukuweka kazini."

"Si ninyi mlionituma kuitafuta huko?"

"Ndiyo."

"Na mlijua ni ya kigeni."

"Ndiyo, lakini ni utaratibu."

"Itachukua muda gani?"

Alifungua mikono yake kama padri. Ilichukua miaka miwili.

Miaka miwili nilikaa soko la Likasi na mama, nikiuza samaki wa Tshangalele. Sisemi kwamba kazi ile ni ya aibu, ilinilea. Lakini kulikuwa na wanawake waliokuja kununua ili wanione. Waliinama juu ya beseni, wakageuza samaki, huku macho yao yako kwangu. Baba alianza kupita njia ya nyuma akitoka kazini. Jumapili moja, tukiwa mezani, bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele yetu, alisema bila kuinua uso:

"Bantu banasema asema kule Ulaya walikufukuza."

"Hawakunifukuza, papa. Masomo iliisha, na karatasi iliisha."

"Basi juu ya nini wengine banabakia?"

"Wengine banabakia bila karatasi. Banajificha. Ulitaka nijifiche?"

Aliendelea kumega bukari. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu siku ya tramu: "Ni weye uliniambia nisaini. Nilitaka kusoma, ukanikataza."

Mama aliacha kula. Baba alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa ushasoma kuliko sisi bote," alisema. "Minye nilifikiri kama kuko kintu mubaya, weye utaona."

Aliondoka mezani. Alikuwa amesema kweli, na ukweli ule ulinizidishia hasira. Tangu siku ile nilichukua nakala yangu ya mkataba na kuisoma sokoni, mchana kweupe, kati ya mteja na mteja. Kurasa zote tano. Nilizisoma mpaka karatasi ikanuka samaki. Nilijua herufi ipi ilipigwa vibaya kwenye ukurasa upi.

Équivalence ilipofika, Kampuni ilinipokea maabarani, ila kama msaidizi. Nafasi ya mhandisi, walisema, itafunguka. Nilivaa koti jeupe, nikapima kobalti ileile, safari hii kabla haijaingia kwenye pipa. Nilikuwa mwanamke pekee. Mwaka ukapita, na miezi juu yake.

Kisha nafasi ikafunguka, na aliyeingia ndani yake alikuwa kijana wa kizungu, ametoka chuo kilekile nilichosoma mimi, madarasa matatu nyuma yangu. Kampuni ilimwombea kadi ya kazi. Iliombwa Jumatatu, na kabla juma halijaisha dereva aliileta maabarani ndani ya bahasha. Hakuna aliyemuuliza kama kulikuwa na mtu wa nchi hii awezaye kazi ile. Mtu huyo alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwake, ameshika chupa.

Alikuwa kijana mwenye tabia njema, na hilo lilinifanya nikose hata pa kumchukia. Kupima nikeli hakukujua. Siku ya tatu alinijia.

"Madame, samahani, tone la mwisho unalijuaje?"

Nikamwonyesha. Mwezi mzima nilimwonyesha. Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka ina saini yake, na mimi niliambiwa niipeleke kwa mkurugenzi kwa mkono. Niliiweka mezani kwake yule kijana.

"Hii siipeleki," nilimwambia. "Wewe peleka. Na kesho ukipima, pima mwenyewe."

Aliwaka uso. "Nimekukosea nini?"

"Kadi yako ya kazi ilichukua siku ngapi?"

Alifikiri. "Sijui. Waliniletea tu."

"Mimi kwenu waliniambia miaka yangu mitano haihesabiwi. Nikaja kwetu, wakaniambia diploma yangu haihesabiwi. Sasa unaniuliza tone la mwisho."

Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua." Namwamini. Hakuwahi kuhitaji kujua.

Siku hiyohiyo nilikwenda biro ya wafanyakazi, sikungoja kuitwa. Nilimwambia yule mpole kwamba naacha kazi. Akatabasamu kwa huruma, akavuta kabati, akatoa mkataba wangu.

"Huwezi kuacha. Miaka kumi. Uliahidi. Ukiacha, hutapata ruhusa ya kutoka nchini, wala biro yoyote ya serikali haitakupokea. Tazama, ukurasa wa pili." Akaweka kidole chake palepale pa zamani.

"Fungua wa nne," nilisema.

"Pardon?"

"Ukurasa wa nne, mstari wa saba kutoka juu. Au nikusomee bila karatasi?"

Nikamsomea bila karatasi. Ulisema kwamba Kampuni inapaswa kumweka mwenye burse katika kazi inayolingana na diploma yake, katika muda wa mwaka mmoja tangu arudi, na isipofanya hivyo, mwenye burse hafungwi tena na ahadi yake. Sauti yangu ilipanda kadiri nilivyosoma, hata makarani wa chumba cha pili wakaacha mashine zao za taipu. Sikuishusha.

"Nimerudi zaidi ya miaka mitatu," nilisema. "Miwili niliuza samaki. Uliobaki nilikuwa msaidizi. Sasa niandikie kwamba sifungwi."

"Mademoiselle, hapa si sokoni."

"Sokoni mtu akikuuzia samaki aliyeoza unamrudishia. Andika."

Hakuandika siku ile. Nilirudi kila asubuhi, nikakaa kwenye benchi lake. Kukaa kwenye mabenchi nilijifunza tangu siku za komine, na kukaa nakujua. Juma la tatu aliandika, kwa sababu mkurugenzi alikuwa ameuliza mwanamke yule wa mlangoni anangoja nini, na hakuna aliyetaka kumjibu.

Baba nilipomwonyesha barua aliishika kwa ncha za vidole. Aliogopa. Mtu aliyeishi maisha yake yote katika nyumba ya Kampuni hawezi kufurahi binti yake akiikaripia. "Sasa utafanya nini?" aliniuliza. Nikamwambia nitakwenda Mulungwishi, wanatafuta mwalimu wa kemia. Akasema, "Batanitesa minye." Hawakumtesa. Walimsahau tu, kama walivyomsahau kila siku na kikohozi chake, mpaka alipostaafu.

Mulungwishi nilifundisha miaka mingi. Nilikuwa mwalimu mkali. Wanafunzi walioniogopa zaidi ni wale waliosema "nilisikia". Na kila aliyepata barua ya chuo cha nje alijua kwamba lazima aje kwangu na makaratasi yake, akae kiti cha mbele, asome kwa sauti, mstari kwa mstari, pamoja na ile midogo ya chini. Wazazi hawakunipenda kwa hilo. Mama wa msichana mmoja, hodari kuliko wote niliowafundisha, alinifuata mpaka nyumbani.

"Mwalimu, juu ya nini unaogopesha mutoto yangu? Unataka asiende, sababu weye ulirudia huku?"

Lilinichoma, kwa kuwa punje yake moja ilikuwa kweli. "Simwogopeshi, mama," nilisema. "Ninamsomesha karatasi. Kwenda ataenda yeye."

Binti yule nilimpeleka mwenyewe Lubumbashi, kwenye dirisha la visa. Nilikuwa nimemwandikia maswali manne na kumwambia asiondoke mpaka yajibiwe. Je, kadi ya kusoma inaweza kugeuzwa kadi ya kazi? Kama haiwezi, mwajiri aombe wapi, na mimi niwe wapi? Miaka ya masomo inahesabiwa? Na ahadi ya kurudi, nani anapewa nakala? Karani alikuwa mpya, kijana, mwenye haraka. Alianza kusema mambo hayo yatajulikana huko huko. Nilikuwa nimesimama nyuma ya binti. Nikasogea hatua moja, nikaweka viwiko vyangu juu ya ubao wa dirisha.

"Ajibiwe hapa," nilisema.

Alijibiwa pale. Foleni nyuma yetu ilinung'unika, mwanzo. Baadaye wakasogea kusikiliza, na mwanamume mmoja akaomba kalamu.

Kwa sababu ya majibu yale binti aliikataa burse ya serikali na miaka yake kumi, akangoja mwaka mmoja mpaka kanisa likampatia nyingine isiyo na ahadi. Alisoma. Alipomaliza, hospitali moja ya kule ilimtaka kazi, naye hakung'ang'ania kadi iliyokwisha wala kujificha kwa mtu. Alirudi nyumbani kabla ya mwezi wake kwisha, akamwachia mwajiri karatasi zote anazotakiwa kupeleka, akazipanga kwa utaratibu wa kupelekwa. Miezi minane alikaa kwa mama yake, akinisaidia kusahihisha madaftari. Kibali kikaja. Alinikimbilia shuleni akipiga kelele kutoka getini, bahasha juu ya kichwa.

Nilimkumbatia. Nilicheza naye pale uani mbele ya wanafunzi, mimi ambaye hawakuwahi kuniona nikicheza. Nilimfurahia siku tatu nzima. Siku ya nne nilikuwa nafua shuka nyuma ya nyumba yangu, peke yangu, na hasira ikanijia kutoka miguuni, ya zamani na nzima kabisa. Miezi minane! Mkuu yule mnene wa maabara alisema hawezi kungoja miezi mingi, na mimi sikumwomba angoje. Ahadi ya miaka kumi huenda ingenizuia hata hivyo, lakini sikujua hata kwamba mwajiri anaweza kuombwa angoje. Niliipiga shuka ile juu ya jiwe mpaka ikapasuka, kisha nikakusanya vipande nikavianika.